Pete Uliyoichimba Bustanini Ina Mwenyewe

Ukiinama tu bustanini na mashine ya kutambua metali, kuna mtu atakuja kukuuliza kama umepata dhahabu. Jibu la kweli mara nyingi ni kwamba umepata kile kipete cha kufungulia kopo la soda. Mashine haijui thamani ya kitu. Koili yake, yaani waya uliozungushwa, hupeleka ardhini usumaku unaobadilikabadilika, metali iliyofukiwa nayo hujibu kwa usumaku wake hafifu, na jibu hilo ndilo linalogeuzwa kuwa mlio na namba. Bahati mbaya, pete nyembamba ya dhahabu na kipete cha kopo huweza kujibu karibu sawa. Ukiiambia mashine isikusumbue kwa takataka, huenda umeiambia ikufiche na pete. Hata Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, mwaka 1881, alishindwa kuipata risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani kwa chombo cha aina hii, na springi za chuma za kitanda hutajwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo chimba kila mlio unaoeleweka, na takataka uondoke nazo.

Wengi katika mchezo huu huota sarafu za kale. Nami nazipenda, ila naona tunazitukuza kupita kiasi. Sarafu ya shaba iliyokaa miaka kwenye udongo wenye unyevu hutoka ya kijani, imeliwa, uso wa mfalme hauonekani. Na ukiisugua kwa brashi ili ing'ae, umeishusha thamani papo hapo. Kinachonivutia zaidi ni kina chake. Mwanasayansi Charles Darwin alionyesha jinsi nyungunyungu wanavyopandisha udongo kidogo kidogo mpaka vitu vilivyoachwa juu ya ardhi vinazama, kwa hiyo mahali ilipolala sarafu ni sehemu ya habari zake. Ukiing'oa bila kuandika popote, umebaki na kipande cha shaba. Uingereza, chini ya Sheria ya Hazina ya 1996, anayepata kitu kinachohesabika kuwa hazina hupewa siku 14 kutoa taarifa. Marekani, hifadhi za taifa haziruhusu watu kutafuta kwa mashine hizi. Bustani ya mtaa nayo ina msimamizi wake, muulize kwanza.

Vitu vya kumbukumbu ni habari nyingine. Pete ya ndoa yenye majina mawili na tarehe kwa ndani, kidani chenye picha, medali ya mtoto wa shule: hivi havikusahaulika, vilitafutwa. Kuna mtu alipiga magoti kwenye nyasi hizo hizo mpaka giza likaingia. Hoja ya "nimeokota, ni changu" naisikia hata kwa watu ninaowaheshimu, wakidai kwamba saa zao za kutafuta na gharama ya mashine zinawapa haki. Siikubali. Jasho langu halifuti jina la mtu lililochongwa kwenye pete.

Kurudisha kunataka ujanja kidogo. Usiweke mtandaoni picha ya maandishi ya ndani, maana watajitokeza watu kumi, kila mmoja akidai pete ni yake. Sema tu kwamba imepatikana pete na ni bustani ipi, kisha anayedai akwambie yeye kilichochongwa. Asipotokea mtu, ipeleke polisi au ofisi ya bustani, na uombe karatasi ya kuonyesha umeikabidhi.

Raha kubwa zaidi ni kuitwa na aliyepoteza. Hapo usikimbilie kuwasha mashine. Mwulize alikaa wapi, alikuwa anafanya nini, ilikuwa mkono upi. Pete huchomoka mikono ikiwa ya baridi au imepakwa mafuta, hasa mtu akirusha mpira, na ikichomoka hivyo haiangukii aliposimama. Zungushia eneo kamba, pita kwa mistari iliyonyooka, kila mstari ukigusa uliotangulia. Pete iliyopotea juzi haijazama. Imelala kwenye mashina ya nyasi, na kidole kinatosha kuitoa. Kwa sarafu iliyo chini zaidi, kata nyasi pande tatu, upande wa nne uache umeshika kama bawaba, udongo uweke kwenye kitambaa, kisha rudisha vyote na ukanyage. Msimamizi akikuta mashimo mawili matatu yameachwa wazi atatufungia lango sote, na yule atakayepoteza pete wiki ijayo hatakuwa na wa kumpigia simu.