Kahawa nzuri huanza kihambani

Muuza kahawa wa mtaani kwetu Magomeni hupita baada ya magharibi. Unamsikia kabla hujamwona: vikombe viwili vidogo anavigonganisha kwa mkono mmoja, kacha-kacha-kacha, mkono mwingine umebeba dele lenye jiko la mkaa chini yake. Wakati huo barazani tumeshakaa, wengine kwenye drafti, wengine wako kwenye ubishi wa Simba na Yanga usiokwisha. Anatua mzigo, anamimina, anasogeza sahani ya kashata, na mazungumzo yanapungua kasi kidogo watu wakipuliza vikombe vyao.

Jioni moja kahawa yake ilitoka nzuri kuliko siku zote. Uchungu wake ulitulia ulimini bila kukwaruza koo, na tangawizi ilisikika kwa mbali. Mzee mmoja alikunywa vikombe vitatu mfululizo, akamwambia, "Leo mwanangu umeipatia." Kijana akashukuru kwa heshima. Mimi nikamuuliza buni zake anazitoa wapi.

"Kariakoo, kaka."

"Na huyo wa Kariakoo anazitoa wapi?"

Akafikiri. "Hilo sijawahi kumuuliza."

Sikumlaumu, maana hata sisi tunaokunywa kila siku hatujawahi kuuliza. Ila jibu lile nililala nalo. Mimi nimelelewa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la familia linaloizunguka nyumba, ambako mibuni imekaa chini ya kivuli cha migomba, na ninajua kuna mtu aliyeifanya kahawa ile iwe nzuri wiki nyingi kabla haijafika kwenye moto wa yule kijana. Mtu huyo hatumtaji kamwe tunaposifu kikombe.

Nieleweke: utamaduni wetu wa kahawa naupenda kwa moyo wote. Sijui kinywaji kingine kinachokalisha benchi moja mwenye duka, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu na kijana anayetafuta kazi, na wote wakalipa bei ileile. Kahawa chungu ipo kwenye msiba usiku watu wanapokesha. Ipo Ramadhani baada ya tarawehe. Ukifika Mji Mkongwe, pale Jaws Corner, utakuta wazee na vijana wanasoma siasa ya nchi nzima kwa vikombe vya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mombasa na Lamu wanaiita kahawa tungu, na Zanzibar ikija na haluwa unajua kabisa kwamba hapa na Omani ni watu wa sinia moja. Siku hizi imeongezeka mikahawa ya kisasa Dar es Salaam na Arusha, yenye mashine za mvuke na vijana wanaochora majani juu ya maziwa. Nayo naifurahia. Wamejifunza kazi yao vizuri, na baadhi yao wameanza kuandika kwenye pakiti jina la kijiji buni zilikotoka. Huo ni mwanzo mzuri.

Lakini mkaangaji hodari hawezi kuirudishia kahawa ladha iliyopotezwa shambani. Anaweza kuiharibu, anaweza kuitunza, basi. Utamu wenyewe hutengenezwa kihambani kwa kazi ya mikono, na kazi hiyo nimeiona kwa karibu mno kiasi kwamba siwezi kukaa kimya watu wanapoiita kibarua cha kawaida.

Bibi yangu alichuma kahawa maisha yake yote. Tunda la kahawa haliivi pamoja na wenzake. Kwenye tawi moja utakuta jekundu limekaa katikati ya ya kijani, jirani yake la njano, na pembeni lililokwisha kauka. Mwenye haraka hukamua tawi lote kwa mkupuo akajaza ndoo. Bibi alichuma moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, anazungusha kidogo ili kikonyo kibaki mtini. Mbuni huohuo aliurudia mara nne, mara tano msimu mmoja. Sisi watoto tukichanganya mabichi alimwaga ndoo yote kwenye gunia na kutuambia tuanze kuchambua.

Jioni ileile kahawa ilimenywa. Haikuruhusiwa kulala na maganda yake. Tulikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono, imefungwa kwenye kisiki. Mmoja anazungusha, mwingine anamimina matunda na maji, maganda yanatokea huku, buni zinateremkia kwenye pipa zikiwa zimefunikwa na ute mtamu unaonata vidoleni. Zile zilizoelea juu ya maji bibi aliziengua, maana buni inayoelea ni tupu au imeliwa na mdudu. Kisha pipa lilifunikwa na kahawa ikaachwa ichachuke.

Hapo ndipo penye ujuzi ninaotaka kila mnywaji aujue. Asubuhi ya pili bibi alichukua kijiti akakichomeka katikati ya buni, akakichomoa taratibu. Tundu likijifumba, bado. Tundu likibaki wazi, aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akakamata konzi moja na kuisugua. Buni zikiteleza, bado. Zikikwaruzana kama kokoto za mtoni, tayari, na hapo haikusubiriwa hata saa moja. Zilioshwa maji mawili matatu hadi maji yatoke meupe. Akichelewa, kahawa inachukua harufu ya siki na hakuna wa kuitoa. Akiwahi, ute unabaki na kuoza juani. Hakuwa na saa wala kipimo. Alijua kwamba wiki ya baridi inataka muda mrefu zaidi, na wiki ya jua mfupi.

Baada ya hapo ni kichanjani, kwenye wavu, wiki moja hadi mbili: kuigeuza kila mara, kuifunika jua la mchana linapowaka ili ganda lisipasuke, kuifunika tena usiku umande usiiguse, kukimbia kuianua wingu likionekana upande wa mlima. Na katika kilo sita hivi za matunda aliyoyachuma, kilo moja tu ndiyo hubaki kama buni safi ya kwenda kukaangwa. Kilo moja! Ukikumbuka kwamba mti wenyewe ulisubiriwa miaka mitatu kabla ya kuzaa, utakishika kikombe chako kwa namna nyingine.

Sasa niseme linaloniuma. Kahawa ilipofikishwa chamani, yaani kwenye chama cha ushirika cha wakulima, jina kwenye daftari lilikuwa la babu. Bibi aliyechuma, aliyemenya, aliyeamka kuangalia pipa, hakuwa na namba ya uanachama. Malipo ya awali yalichukuliwa na mwanaume, na malipo ya pili yakija vilevile. Babu alikuwa mtu mwema na fedha zile zilisomesha watoto, lakini nyumba nyingi za jirani hazikuwa na bahati hiyo, na akina mama wengi waliona fedha ya kahawa ikiishia kilabuni. Hali imeanza kubadilika, wapo wanawake wenye namba zao na wengine ni viongozi wa vyama. Bado ni wachache mno ukilinganisha na mikono yao iliyomo kwenye kila gunia.

Ushirika wenyewe siubezi hata kidogo. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki waliopanda kule Kilema mwishoni mwa karne ya 19, lakini Wachagga ndio walioigeuza kuwa yao. Walowezi walipiga kelele kwamba Mwafrika akilima kahawa ataeneza magonjwa na kuiba ya mashamba yao. Wakulima wakajibu kwa kuunda chama chao mwaka 1925, mmoja wa viongozi wake akiwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya mwanzo kabisa vya Waafrika. Wakati huo nchini Kenya Mwafrika alikuwa bado anazuiwa kulima arabika, aina ya kahawa ya milimani, sehemu nyingi. Watu wa kihamba cha ekari moja mbili waliuza kahawa yao duniani kwa pamoja, wakajenga, wakasomesha. Mpaka leo, Japani, arabika inayotoka Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imechumwa Mbinga au Mbozi. Jina hilo limejengwa na watu kama bibi.

Kisha Julai 1989 mpango wa kimataifa uliokuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kuuza ulivunjika, na bei ikaporomoka. Miaka ya mwanzo ya 2000 ikashuka tena hadi mkulima akawa anauza chini ya gharama. Nakumbuka mjomba wangu alivyong'oa mibuni upande mzima wa kihamba akapanda nyanya. Wazee wa kwetu walilelewa wakijua kung'oa mbuni ni kosa kisheria, na bibi hakutoka nje siku ile. Mjomba hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na ada ya shule ya kulipa, na mrututu, dawa ya kupulizia chulebuni, ugonjwa unaoharibu matunda ya kahawa, ulikuwa umepanda bei kuliko kahawa yenyewe. Leo kuna miche chotara ya kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Lyamungu inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na nafurahi kuona baadhi ya vihamba vikirudishiwa kahawa. Ila mche bora bila bei ya haki ni kumwongezea mtu kazi.

Ukitaka kuona heshima ya kahawa ilivyo ya zamani katika nchi hii, nenda Bukoba, mkoani Kagera. Wahaya walikuwa na kahawa kabla mzungu hajafika, na hawakuinywa, waliitafuna. Wanaiita amwani: matunda ya robusta, aina nyingine ya kahawa, yanachemshwa na majani yenye harufu nzuri, yanakaushwa, kisha mgeni anapokelewa nayo. Katika undugu wa kuchanjiana, tunda moja lilipasuliwa na kila mmoja akala buni moja yenye damu ya mwenzake. Buni mbili za tunda moja, watu wawili wakawa ndugu. Kwangu hakuna sifa ya kahawa inayoizidi hiyo.

Na mkoa huohuo ndiko kuna butura. Mkulima amebanwa, mtoto anaumwa au shule zimefungua, na kahawa bado iko kwenye ua. Anakuja mtu na fedha taslimu, anainunua ikiwa mtini kwa bei ya kutupa, na miezi kadhaa baadaye mkulima anaichuma kahawa ya mwenzake kwenye shamba lake mwenyewe. Imepigwa marufuku mara nyingi. Haiishi, kwa sababu shida inayoizaa haijaisha: chama kinakawia kulipa, na benki haimkopeshi mwenye nusu ekari. Anayetaka kumaliza butura amkopeshe mkulima mwezi wa njaa kwa riba anayoiweza, na amlipe siku anayopima mzigo.

Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hutoka kwa wakulima wadogo wa namna hii, na sehemu kubwa inapanda meli. Ndiyo maana naamini kuinywa wenyewe ni jambo la maana. Waethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa wanayovuna. Mama wa nyumba anakaanga mbele ya wageni, anatwanga, anapika kwenye jebena, birika lao la udongo, na wageni hukaa hadi duru ya tatu inayoitwa baraka. Mkulima wao ana mnunuzi jirani siku soko la nje likiyumba. Sisi tuna mabaraza pwani nzima yenye kiu ya kahawa, na tuna milima yenye kahawa, na katikati hatujuani. Kule Kibosho tulikunywa chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa kitu cha kupeleka chamani.

Bibi aliionja kahawa ya kwetu akiwa na miaka themanini na kitu. Nilimpelekea Desemba, pakiti ya buni zilizokaangwa kutoka kwa chama kimoja cha upande wetu, na kinu nikaazima kwa jirani. Kabla sijatwanga aliomba azione. Akamimina kwenye ungo, akazipepeta, akasogeza kidole chake kilekile, akatoa tatu na kuziweka kando. Moja ilikuwa na tundu la mdudu, moja ilivunjika kwenye mashine ya kumenya, na moja, alisema, ilichumwa bichi. Mimi niliziangalia zote tatu nisione tofauti.

Nikampikia kwa tangawizi kama wanavyopika Magomeni. Akanywa polepole hadi chini, akakigeuza kikombe kuangalia masimbi, akanyoosha mkono nimwongeze.

"Aliyeianika hii ni mtu mwangalifu," akasema. "Ila mwambie asikubali watoto wachume bichi."

Zile buni tatu alizifunga kwenye kitambaa akanipa nimpelekee.