Parachuti ivutwe kabla ya breki

“Hiyo ni ya dharura tu, kaka. Breki zikigoma ndiyo nitaivuta.”

Kijana aliyeniambia hivyo Jumamosi, kwenye gereji moja ya Changamwe, anajua kazi yake. Injini ya gari lake la drag, mbio za kunyooka tu, ameifungua na kuifunga mwenyewe hadi inanguruma vizuri. Parachuti imefungwa nyuma ya buti, mpya, nyekundu. Leo siku ya tatu maneno yale hayajanitoka kichwani.

Hebu tuseme umefika mwisho wa mbio, mita 402, ukiwa kwenye kilomita 250 kwa saa. Kila sekunde inakula karibu mita 70 za lami. Ukianza na breki, pua inainama, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na diski zinapata moto mpaka zinaacha kushika. Hapo ndipo unakumbuka parachuti! Mkono mmoja unapigana na usukani, wa pili unapapasa leva. Na ukishavuta, bado haijafunguka. Kiparachuti kidogo cha springi kinachoivuta ile kubwa lazima kiruke kwanza, kipite ile hewa iliyovurugika nyuma ya gari, kiutoe mfuko, kamba zinyooke, ndipo kitambaa kijae. Lami yote hiyo utaitoa wapi?

Tena parachuti inapenda kasi. Mwendo ukipungua nusu, nguvu yake inabaki robo. Ukiichelewesha, unatupa sehemu yake bora halafu unaitaka ikuokoe na mabaki. Ivute ukifika mstarini, gari likiwa limenyooka, mguu bado haujaachia mafuta kabisa. Isikie ikikukamata mgongoni. Breki zifuate polepole, maana mwendo ukishashuka ni zamu yao.

Mtaniambia magari mengi ya vijana wetu hayafiki huko. Sawa, nakubali. Hata NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, hulazimisha parachuti kwa magari yanayopita maili 150 kwa saa, kama kilomita 241. Asiyefika huko atengeneze breki zake kwanza. Lakini aliyeifunga asiifanye pambo. Nakubali pia kwamba parachuti yenyewe hushindwa: Juni 2008 dereva wa drag Scott Kalitta alifariki Englishtown, New Jersey, baada ya injini kulipuka na parachuti zake kuharibika. Baada ya hapo magari ya kasi zaidi yakapunguziwa mbio hadi futi 1,000, takriban mita 305. Wale wana timu nzima ya mafundi. Sisi je?

Na mbio za usiku kwenye barabara ya watu, panapopita bodaboda na mama anayetoka kazini, sitaki hata kuzisikia.

Nikamwomba kijana aufungue mfuko. Kamba mbili zilikuwa zimejisokota, kitambaa kina harufu ya unyevu, na ncha ya waya wa leva imeshaota kutu ya bahari. Marehemu babangu alikuwa akishona matanga Mji wa Kale. Kwetu hakuna tanga lililokunjwa na maji, wala lililoachwa juani bila kazi, kwa sababu jua hula uzi kimyakimya. Naylon ya parachuti nayo inaliwa vivyo hivyo. Na upepo wa ubavu wakati wa kusi, mtu wa pwani hahitaji kuelezwa.

Bolti zenyewe zilishika bati la bampa. Zinatakiwa zishike chesisi, kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari: chini sana mkia unanyanyuka, juu sana inanyanyuka pua.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi. Miaka iliyopita nilikuwa msaidizi wa timu, na pini ya usalama, ile yenye utepe mwekundu, ilikuwa juu yangu. Sikuitoa. Dereva alivuta mara tatu, hakuna kilichotoka. Gari lilisimama kwenye vumbi, mbali kabisa na mwisho wa lami, naye akashuka bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi ile tulifungua bolti zote nne. Leva tuliihamisha kutoka nyuma ya kiti hadi kando ya goti lake. Hadi adhana ya magharibi alikuwa bado ameketi mle ndani, macho ameyafumba, anaitafuta kwa mkono na kuivuta, anaitafuta na kuivuta.