Maziwa ya Momella Yanawatosha Watu Wawili

Mume wangu alipojua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Arusha haina simba, aliniuliza kama nampeleka kuangalia mbuzi. Nikamwambia tunakwenda kwenye maziwa. "Mama Neema, maziwa hata dukani kwa Mangi yapo," akasema, na kurudi kwenye taarifa ya habari.

Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Bibi yao alikubali kukaa na watoto siku nne, si zaidi, na hela ilikuwa ya mchezo wangu wa upatu pamoja na alichoweka yeye pembeni. Moyo wake ulikuwa Serengeti. Nikamwekea hesabu mezani: Dar hadi Arusha siku nzima kwenye basi, Arusha hadi Serengeti sehemu kubwa ya siku nyingine, halafu urudi vilevile. Tungemwona huyo simba tukiwa tumelala usingizi. Kwenda Momella unashuka Usa River, kabla hata basi halijafika Arusha mjini, na kutoka hapo hadi Ngongongare, geti la hifadhi, ni mwendo mfupi tu.

Nina ubishi mmoja na namna tunavyopanga safari za wawili. Tunazipanga kama ziara ya shule: tembo tiki, simba tiki, picha, twende. Siku nzima mmekaa viti vya nyuma, dereva yuko mbele anasikia kila neno, na mkirudi mna picha mia tatu na hamjaongea chochote. Mimi nilitaka mahali ambapo tutashuka garini. Momella unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki, na kwenye ziwa la Momella Ndogo unapiga kafi. Twiga ni wengi mno. Nyati wapo, mbega wapo msituni na mikia yao mieupe kama mashada ya pamba. Chui naye yupo, ingawa sisi hakutuonyesha hata sikio.

Na maziwa yenyewe! Yapo saba: Momella Kubwa na Momella Ndogo, kisha Kusare, Rishateni, Lekandiro, Tulusia na El Kekhotoito. Takriban miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulibomoka, tope na mawe yakaporomoka hadi huku chini, na kwenye mabonde yaliyobaki katikati ya vilima yakakusanyika maji. Kwa sehemu kubwa yanalishwa na chemchemi za chini ya ardhi, na yana magadi, haya haya tunayotia kwenye makande. Kwa kuwa kiasi cha chumvichumvi hutofautiana ziwa hadi ziwa, mwani unaoota humo nao hutofautiana, ndiyo maana moja unalikuta la kijani, jirani yake la buluu. Wanyama wenyewe hawanywi popote tu. Heroe, yaani flamingo, ndio wanaoyapenda maji ya magadi, ila heroe hana mkataba na mtu. Leo ziwa limekuwa la pinki, wiki ijayo wamehamia kwingine. Usimwahidi mwenzio heroe.

Sasa mtumbwi. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma, na ndani ya dakika tano tulikuwa tunazunguka palepale kama kuku mwenye kideri. Yeye anavuta kushoto, mimi kulia, kila mmoja ana uhakika mwenzake ndiye anayekosea. Askari, aliyekuwa kwenye mtumbwi wake mbele yetu, akageuka: "Baba, mfuate mama. Kule kuna viboko." Nakuambia, tulielewana ghafla! Baada ya hapo tulikwenda kimya kando ya matete, nyati wanatutazama kutoka ukingoni, na mume wangu akaanza kunisimulia habari za kazini ambazo sijawahi kuzisikia nyumbani.

Kwa anayepanga, haya ndiyo niliyojifunza. Nendeni Januari mwishoni au Februari. Vuli imeisha, masika bado, na ndege waliokimbia baridi ya Ulaya hawajaondoka. Julai pia ni kavu, lakini ukungu na baridi ya huko mtu wa Dar haiwezi. Sweta beba mwezi wowote. Laleni upande wa Momella, msilale Arusha mjini, kwa sababu Kilimanjaro huonekana alfajiri, na mawingu yakishaamka, basi. Getini hawapokei taslimu, na kitambulisho cha taifa msisahau, maana ada ya raia ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Kuingia, kutembea kwa miguu na mtumbwi kila kimoja kina malipo yake, kwa hiyo ulizeni mapema. Gari mkodi mkiwa mmeliona. Letu lilikuja kwa kuchelewa saa mbili, na tairi la akiba ni kipara. Mlima Meru wenyewe, mita 4,566, msiuchomeke kwenye safari hii. Ni siku tatu au nne za kupanda na kushuka, na goti linalouma halina mapenzi.

Kitu ambacho sikukipanga ni Ngarenanyuki. Ukitokea geti la Momella unaingia kwenye mashamba ya nyanya, na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa historia, akaomba gari lisimame. Huku ndiko Wameru walikofukuzwa kwa nguvu mwaka 1951 ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Miaka yote anaifundisha habari hiyo ubaoni Dar, na hakuwahi kukanyaga udongo wake. Alisimama pale karibu nusu saa akiongea na mzee mmoja mwenye matenga. Mimi nilikaa garini nikala nyanya. Simba hakumtaja tena.

Siku ya mwisho tulikwenda kreta ya Ngurdoto, ambayo hifadhi ilianza kwa jina lake mwaka 1960. Kushuka hairuhusiwi. Mnasimama ukingoni chini ya miti iliyoota ndevu za kuvu, mnachungulia shimo la kama kilomita tatu kwa upana, na nyati huko chini ni kama punje za maharage. Tulikuwa sisi wawili tu.

Februari ijayo tunarudi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuweka hela, na juzi ameniuliza kama huko Momella Ndogo kila mtu anaweza kupewa mtumbwi wake.