Nilikiri, Nikaomba Radhi, Nikatoroka

Mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia maana ya osmosis neno kwa neno, bila kuruka hata nukta. Niliikariri kidato cha kwanza. Nilichokuwa siwezi wakati huo ni kumwambia mwalimu kwa Kiingereza kwamba tumbo linaniuma, naomba nitoke.

Waliopita shule zetu wananielewa. Enzi zetu, miaka saba ulikuwa unasomeshwa kila kitu kwa Kiswahili, ukiingia sekondari hata jiografia ya Mto Rufiji ilikuwa inageuka Kiingereza. Shuleni kwetu ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Nilikivaa mpaka kamba ikanizoea, ndipo nikagundua dawa: kunyamaza. Nikamaliza kidato cha nne nina Kiingereza tele, chote kimejaa kichwani, hakijawahi kutoka nje kuota jua.

Mwaka 2017 nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya tatu, maeneo ya Posta. Asubuhi moja bosi akapiga simu akiwa Kigamboni, kakwama kwenye foleni ya pantoni. Kuna mteja Mwingereza anafika muda si mrefu. "Mpokee wewe," akasema. "Si unasoma tuisheni?"

Kweli nilikuwa nasoma, kila jioni, Magomeni, miezi mitatu sasa. Mitego mikubwa nilishaijua. Saa hazinisumbui tena: akisema nine najua ni saa tatu, natoa sita. He na she bado zilinipiga chenga, maana kwetu wote ni "yeye" tu, na wiki iliyopita nilikuwa nimemwita mke wa mteja he mbele ya mumewe. Lakini kumpokea mtu na kumpandisha ngazi, hilo nitashindwaje?

Ngazi zenyewe ndizo zilizoniponza. Lifti ilikuwa imelala tangu Idi. Mama wa usafi alikuwa ndiyo kwanza amemwaga maji ya sabuni kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kisha akashuka kujaza ndoo. Mgeni kavaa suruali ya rangi ya krimu, mkoba mkononi, anapanda kwa mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Mguu wa kulia ukakanyaga povu.

Hakuanguka mara moja. Alikaa kwanza. Halafu akashuka vidato vinne akiwa amekaa vilevile, puu, puu, puu, puu, na kwenye cha mwisho mkoba ukafunguka, karatasi zikatua majini zikaanza kunywa.

"Sorry!" nikapiga kelele. "Sorry, sir! Very sorry! Sorry sana!"

Sasa hapo nisilaumiwe. Mtu akianguka mbele yako unampa pole. Ukinyamaza utadhaniwa ndiye uliyemroga. Na pole kwa Kiingereza nilifundishwa ni sorry. Hakuna aliyeniambia kuwa wenzetu neno hilohilo ndilo la kuombea radhi.

Akanitazama kutoka chini. Akasema jambo refu sikuliambulia, kisha akauliza taratibu: "You didn't pour this water, did you?"

Hili nililidaka lote! Hukumwaga wewe maji haya, au siyo? Nikafurahi kama mwanafunzi aliyekutana na swali alilolikariri. Ni kweli sikumwaga.

"Yes!" nikasema. Nikaona haijamwingia vizuri, nikaongeza sauti: "Yes, sir!"

Macho yakamtoka. Nikajua ni maumivu, huyu anahitaji taulo. Nikamwambia "I am coming," nikashuka ngazi mbio. Kwa Kiswahili mtu anayeondoka ndiye anayesema "nakuja." Yeye alichoona ni mtu anayesema anakuja huku anazidi kupotea.

Stoo imefungwa. Ufunguo anao mama, na mama yuko bomba la nyuma anagombania foleni ya maji. Nikatoka barabarani, nikanunua taulo kwa machinga na soda ya baridi ya kumtuliza mgeni. Dakika ishirini hivi. Narudi, simu inaita.

"Wewe! Umemmwagia mgeni maji kwenye ngazi?"

"Sikumwaga mzee."

"Anasema umekiri."

"Sijakiri mzee."

"Anasema umeomba radhi mara nne, ukakiri mara mbili, halafu ukatoroka."

Nikafikiri. "Mzee, hayo yote ni kweli. Ila sikumwaga."

Akanitaka nirudie mazungumzo neno kwa neno. Nikarudia. Kimya. Kisha nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa, na nyuma yake abiria wanamuuliza kulikoni. Alipopata pumzi akanifafanulia: Mswahili akiulizwa "hukumwaga?" anamuunga mkono muulizaji, ndiyo, kama ulivyosema. Mwingereza hana habari na muulizaji, anaangalia tukio tu. Kama halikutokea ni no, hata umuulize umesimama kichwa chini miguu juu.

Adhabu yangu ikawa kumzungusha mgeni siku zote tano, na marufuku kunyamaza. Siku ya kwanza nilijibu no kila swali kwa usalama wangu. Chai? No. Chakula? No. Nilirudi nyumbani natetemeka kwa njaa. Siku ya tatu, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, njaa ikanishinda aibu nikaanza kuongea, he na she zikigongana humo ndani, wala hakucheka. Nikamweleza pole ni nini, kwamba anayesema pole hajakiri kosa. Akaandika kwenye daftari. Kesho yake akampa pole askari wa usalama barabarani aliyesimama juani, na askari akatabasamu, jambo ambalo mimi sijawahi kufanyiwa.

Siku ya kuondoka nilimshushia sanduku. Mama alikuwa ameshapita na ndoo yake. Nikakaa, nikashuka vidato vitatu nimekaa, sanduku likanitangulia.

Mgeni akasimama juu yangu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama anayehakikisha hakuna shahidi. Kisha akasema, kwa tahadhari kubwa:

"Pole."

"Nimeshapoa," nikamjibu, maji yakiendelea kupenya suruali.