Bomba la gata halifungwi kwa tyubu ya baiskeli

Mafundi wa Dar, hili la gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, linaniudhi kweli. Nyumba imepauliwa vizuri, bati jipya, fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) imenyooka, halafu bomba la kushushia maji linaninginizwa kwa waya wa kufungia nondo na kona inazungushiwa tyubu ya baiskeli! Masika haya, mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000. Maji hayo yote yanatafuta upenyo kwenye kiungio hicho: ukuta unaota ukungu, rangi inabanduka, na tanki lipo pembeni, tupu, wakati mgao wa maji tunaujua. Kona zinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, gundi ipo, klipu zipo. Na mwinamo jamani, gata lielekee bombani, si kinyume chake.