Majina ya kuvu kubadilika sio ujinga, ila wa hospitali muwaonee huruma

Kila kuvu ikibadilishwa jina mitandaoni panawaka. Oo hawa wanasayansi hawana kazi, oo juzi tumekariri hili leo mnatuletea jingine, oo wanatafuta tu umaarufu. Mwaka 2024 Candida auris, ile hamira (kuvu ya seli moja) sugu inayotesa wagonjwa mahututi hospitalini, ilihamishiwa jenasi nyingine ikawa Candidozyma auris na malalamiko yakaanza upya kama kawaida. Mimi nawaelewa wanaolalamika lakini naona lawama inaenda kwa asiyehusika, manake shida haiko kwa yule aliyebadilisha jina, shida iko kwenye mfumo wenyewe wa majina ambao tangu enzi za mwanzilishi wake Linnaeus mwaka 1753 umelibebesha jina moja kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kazi ya kwanza ni kutambulisha, yaani nikisema jina wewe ujue nazungumzia kitu gani. Kazi ya pili ni kudai undugu. Jina la kisayansi lina maneno mawili, la kwanza ni jenasi na ukiliandika umeshatoa dai kwamba kitu hiki ni ndugu wa vitu vingine vyote vinavyobeba neno hilo, ni kama jina la ukoo linalotangulia jina la mtu. Sasa undugu ukigundulika ni wa uongo unafanyaje? Ukiacha jina kama lilivyo kazi ya pili imekufa, ukibadilisha kazi ya kwanza imevurugika. Hakuna njia ya tatu, na ndo maana ukikaa ukafikiria vizuri utashangaa kwamba majina hayabadiliki mara nyingi zaidi ya hivi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Coprinus. Kuna uyoga mmoja mrefu mweupe, kofia yake ina magamba yaliyochakaa chakaa kama imekunwa na mtu, na ukiwa mchanga kofia imefunika shina karibu lote. Ukikomaa kofia inaanza kuyeyuka kutoka pembeni kuelekea juu, yale matabaka membamba ya chini yanageuka kutoka meupe kuwa ya pinki alafu meusi alafu yanadondoka matone ya wino kabisa, wino mweusi unaoweza kuandikia, na ndani ya siku mbili tatu umebaki mti wa shina tu umesimama. Huo ni Coprinus comatus. Kwa muda mrefu sana kila uyoga uliokuwa unayeyuka kuwa wino ulitupwa humo humo Coprinus, kwa sababu jamani nani angefikiri kwamba kitu cha ajabu hivo kingeweza kutokea zaidi ya mara moja kwenye koo tofauti?

Kumbe kilitokea. Vinasaba vilipopimwa ikaonekana comatus ni ndugu wa karibu wa Agaricus, jenasi ya ule uyoga mweupe wa kawaida unaolimwa kibiashara dunia nzima, na wale wengine karibu wote wako kwenye ukoo mwingine kabisa. Mwaka 2001 wakagawanywa, wakaenda Coprinopsis, Coprinellus na Parasola. Na hapa kuna sheria ambayo watu wengi hawaijui: jina la jenasi halifuati kundi lenye watu wengi, linafuata spishi moja iliyoteuliwa kuwa kielelezo chake, na kielelezo cha Coprinus ni comatus. Kwa hiyo comatus na wenzake wachache wakaondoka na jina, wale wengi wakabaki hawana jina ikabidi wapewe mengine. Sio haki kwa hesabu za kura lakini bila kanuni kama hiyo kila mtu angegombania jina mpaka leo.

Kinachonichekesha ni kwamba ukiandika jina kamili inakuwa Coprinus comatus (O.F. Müll.) Pers. Wengi hiyo mikia wanairuka, mimi naona ndo utamu wenyewe. Mtu aliye kwenye mabano ndiye aliyeupa jina mara ya kwanza, wa nje ndiye aliyeuhamisha. Müller mwaka 1780 aliuita Agaricus comatus, Persoon akauhamishia Coprinus mwaka 1797. Kwa hiyo Müller aliuweka Agaricus, zaidi ya miaka mia mbili baadaye DNA inasema kweli ni ndugu wa Agaricus! Sio kwamba alikuwa nabii, zama zile karibu kila uyoga wenye matabaka chini ya kofia ulikuwa unaitwa Agaricus, ila bado inafurahisha. (Huyo Persoon kwa taarifa yako, mmoja wa waanzilishi wa fani nzima ya kuainisha kuvu, alizaliwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akafia Paris. Watu huwa wanadhani wote walikuwa wazungu waliozaliwa Ulaya baridi huko.)

Na usidhani ni mambo ya makaratasi tu. Kati ya wale waliohamishwa yuko Coprinopsis atramentaria, ambao ukiula alafu ukanywa pombe unachakaa: uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika. Una kemikali inayozuia mwili kumaliza kuvunja pombe. Comatus hauna hiyo kitu. Zamani wote wakiitwa Coprinus onyo lilikuwa linamwagwa kwa jenasi nzima, sasa hivi jina lenyewe linakuonyesha hawa ni watu tofauti. Hapo kubadilisha jina kumelipa.

Kingine kinachosahaulika, kanuni zenyewe sio katili hivo, zina mlango wa dharura. Psilocybe ilikutwa na tatizo lile lile, ndani ya jenasi mlikuwa na koo mbili zisizohusiana na kielelezo rasmi cha jina kilikuwa uyoga usiolewesha hata kidogo. Kwa sheria kavu ile mingine inayolewesha, ambayo imetajwa kwenye sheria za nchi na vitabu vya dawa na ndiyo iliyoipa psilocybin jina, ingepoteza jina lake. Ikatolewa hoja, ikakubaliwa, kielelezo kikabadilishwa kuwa Psilocybe semilanceata na ile isiyolewesha ikahamia Deconica. Kwa hiyo wakitaka wanaweza.

Ukitaka kuona jina linavyoweza kuzunguka, angalia ukungu wa Fleming, ule ule wa 1928 uliotupa penisilini. Kwanza aliambiwa ni Penicillium rubrum, ilikuwa kosa. Baadaye Charles Thom, bingwa wa Penicillium wa enzi hizo, akasema ni P. notatum, vitabu vingi vya shule vimegandia hapo. Alafu notatum ikaunganishwa na P. chrysogenum. Mwaka 2011 ukapimwa upya ikatoka P. rubens. Majina manne, ukungu ule ule, kwa sababu ulikuwa umehifadhiwa na mtu yeyote anaweza kurudi kuuangalia. Jina linabishaniwa lakini kitu kipo pale, na hiyo kwangu ndo sayansi inavyotakiwa kuwa.

Wanaolalamika pia hawakumbuki ilivyokuwa kabla ya 2011, manake kuvu moja ilikuwa inaruhusiwa kisheria kabisa kuwa na majina mawili! Kuvu nyingi zina maisha ya aina mbili, hatua ya kuzaliana kwa jinsia na hatua ya kujisambaza tu bila jinsia, na zinaweza zisifanane hata kidogo, kwa hiyo kila hatua ikawa na jina lake. Aspergillus nidulans ikiwa huku, Emericella nidulans ikiwa kule, kiumbe kimoja. Mwaka huo mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne ukafuta hiyo habari, kuvu moja jina moja, na kuanzia 2013 jina jipya halihesabiki bila kusajiliwa kwanza kwenye daftari la kimataifa. Ni kweli kipindi cha kuchagua lipi libaki kilileta vurugu ya majina kubadilika mfululizo, ila ile ilikuwa vurugu ya kufanya usafi.

Haya tuje kwenye laikeni, yale mabaka ya kijivu na kijani na machungwa kwenye mawe na magome ya miti. Huku mfumo unapasuka kabisa. Laikeni sio kiumbe kimoja, ni kuvu na mwani (au bakteria wanaotengeneza chakula kwa jua) wanaoishi pamoja, mwanasayansi Schwendener alilisema hilo miaka ya 1860 na wakubwa wa fani wakamcheka, wengine wakakataa mpaka kufa kwao. Sasa jina unampa nani? Kanuni inasema jina la laikeni ni jina la kuvu yake, basi, mwani una jina lake pembeni. Kwa kazi za kila siku inatosha. Mpaka ukutane na Bryoria.

Bryoria fremontii na Bryoria tortuosa ni laikeni za kaskazini magharibi mwa Amerika, zinaning'inia kwenye miti kama nywele. Fremontii ni ya kahawia na inaliwa, tortuosa ina rangi ya manjano kwa sababu ya tindikali ya vulpini (vulpinic acid) ambayo ni sumu. Majina mawili, tabia mbili, mmoja chakula mmoja sumu. Wakapima vinasaba: kuvu ni ile ile. Mwani ni ule ule. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakatoa jibu lililotikisa watu, kwamba ndani ya ngozi ya juu ya laikeni kuna mkazi wa tatu, hamira ambayo hakuna aliyekuwa anaihesabu, na kwenye tortuosa ipo kwa wingi zaidi. Waliokuja baadaye waliitafuta kwenye laikeni nyingine nyingi wakaikosa, kwa hiyo usiseme kila laikeni ina watu watatu, ila kwa habari ya majina swali limebaki palepale. Kwa kanuni, kuvu ni moja kwa hiyo jina ni moja. Kwa anayetaka kula, ni vitu viwili. Mimi hapa naegemea kwa anayekula kusema kweli, na sioni dhambi yoyote kuweka jina la kiwango cha chini ya spishi kwa ile ya manjano ili watu wajue.

Upande mwingine kuna Cora, laikeni za Amerika ya kitropiki zenye umbo la feni ndogo, kwa miaka zilihesabiwa kuwa spishi moja au chache. Mwaka 2014 timu ya Robert Lücking ikaonyesha zipo angalau 126, na wakakadiria zinaweza kupita 400. Najua mnavyopiga kelele hapo, ila nyingi zinatofautika kwa macho na kwa mahali zinapoishi ukishajua cha kuangalia, ni kwamba hakuna aliyekuwa anaangalia. (Na ndiyo, Obama ana laikeni yake, Caloplaca obamae, ya rangi ya machungwa kutoka kisiwa kimoja cha California. Wanaosema watu hawa hawana utani hawajasoma orodha.)

Kuna ugomvi mwingine unaoendelea ambao nautaja kwa haraka, wa kuvu zisizoonekana. Zilizopewa majina ni kama 150,000 hivi, makadirio ya 2017 yanasema zipo kati ya milioni 2.2 na 3.8. Nyingi zinajulikana kwa mistari ya DNA tu iliyochotwa kwenye udongo, hakuna aliyewahi kuzishika. Kuna wanaotaka DNA peke yake itoshe kuwa kielelezo cha jina, kanuni zimegoma, na mimi nipo na waliogoma. Mashine inaweza kuunganisha vipande vya viumbe viwili ikakuletea kiumbe ambacho hakipo, na huna cha kurudi kuangalia kama walivyorudi kwa ukungu wa Fleming. Wapeni namba za muda, kama hifadhidata ya UNITE inavyofanya, jina lisubiri.

Sasa sehemu ninayokubaliana na walalamikaji, na hapa nawaunga mkono kwa mikono miwili, ni hospitali. Candida krusei ni hamira ambayo kwa asili yake fluconazole, dawa ya kawaida ya kuvu, haiiwezi, na kila aliyesoma magonjwa ya kuvu analijua hilo, akiona krusei kwenye majibu ya maabara mkono unaenda moja kwa moja kwenye dawa nyingine. Siku hizi jina sahihi ni Pichia kudriavzevii. Daktari wa zamu saa nane usiku anasoma Pichia kudriavzevii, hajawahi kuisikia, hata kuitamka ni shughuli, anaandika fluconazole. Kiukoo jina jipya ni sahihi kabisa, kwamba Candida lilikuwa dampo la hamira zisizohusiana hakuna anayebisha, lakini mbaya zaidi hapa hata lile neno la pili halikubaki. Kwenye auris angalau neno la pili limehama nalo, ukiliona unajua ni yule yule.

Cryptococcus neoformans na mwenzake gattii nao, ile inayoua watu wengi wenye HIV kwa homa ya uti wa mgongo, mwaka 2015 wakapendekezewa kugawanywa kuwa spishi saba. Mwaka 2017 mabingwa wengine wakajibu kwamba bado mapema, tuite tu kundi la spishi mpaka tofauti zimwambie daktari kitu cha kufanya. Naona walijibu vizuri. Na Pneumocystis, iliyodhaniwa ni protozoa kwa miongo mingi mpaka 1988 ilipoonekana ni kuvu, ya binadamu ikaitwa jiroveci, alafu kwa sababu kuvu zinafuata kanuni za mimea na sio za wanyama ikabidi iongezwe i moja iwe jirovecii. Wodini waliendelea kuandika PCP, kifupi cha zamani cha nimonia inayoletwa na kuvu hii, na hakuna aliyekufa kwa ile i.

Kwa hiyo ninachotaka kwa maabara ni kidogo tu, jina jipya liandikwe na la zamani lifuate palepale kwenye mstari uleule wa majibu, Pichia kudriavzevii (zamani Candida krusei), na lisitolewe mpaka madaktari waliosoma krusei wawe wamestaafu. Baadhi ya maabara zinafanya hivo tayari. Zisizofanya zinasema mfumo wa kompyuta hauna nafasi ya herufi za kutosha.