Thamani ndogo ya p haithibitishi kuwa mstari umenyooka

Sentensi hii haikosekani kwenye tasnifu: “r = 0.816, p = 0.002, hivyo vigeu hivi vina uhusiano wa mstari.” Hapo r ni kipimo, kati ya −1 na 1, cha jinsi nukta zinavyoukaribia mstari, na p ni uwezekano wa kupata r kubwa hivyo kwa bahati tu. Hesabu ni sahihi. Hiyo “hivyo” ndiyo haina msingi.

Jaribio la t kwa r ya Pearson huuliza jambo moja tu: kama mteremko halisi ni sifuri, je, sampuli ingeweza kutoa r kubwa hivi kwa bahati? Umbo la mstari limekwisha kukubaliwa kabla ya kuanza. Unazidisha r kwa kipeuo cha pili cha n − 2, unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 1 − r². Kwa nukta 11 inatoka t ya 4.24, na mpaka wa asilimia 5 (ambao bahati tupu huuvuka mara 5 tu kwa 100) kwa digrii 9 za uhuru, yaani nukta 11 kutoa 2, ni 2.262. Umefaulu, lakini umefaulu nini?

Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe alichapisha seti nne za nukta 11 zenye wastani uleule, mstari uleule wa y = 3 + 0.5x, na r hiyohiyo ya 0.816. Ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili ni tao: y inapanda hadi x ikifika 11, kisha inashuka. Ya tatu imenyooka kama uzi, ila nukta moja imeruka juu. Ya nne ndiyo ya kutisha. x ni 8 mara kumi, halafu 19 mara moja. Ondoa nukta hiyo na r haihesabiki tena, kwa sababu x haibadiliki na unagawanya kwa sifuri. Ile p ya 0.002 yote inaning’inia kwenye kipimo kimoja. Karani akiongeza tarakimu moja kwa bahati mbaya, “uhusiano” umezaliwa.

Wanaotetea namba wana hoja. Jicho huona mwelekeo hata kwenye nukta nane za nasibu, na mhariri wa jarida hawezi kupokea “nimeona imenyooka”. Ila hoja hiyo inadhani kukagua umbo ni kazi ya jicho peke yake, wakati umbo nalo lina majaribio yake. Chora masalio (tofauti kati ya y iliyopimwa na y ya mstari) dhidi ya x. Yakijikunja, ongeza x² kwenye modeli, upime kama kizidishi chake kinatofautiana na sifuri. Kwenye tao la Anscombe, R², yaani sehemu ya mtawanyiko wa y inayoelezwa na modeli, inaruka kutoka 0.67 hadi karibu 1.

Vipimo vya marudio ni bora zaidi. Chukua kilo 0, 40, 80 na 120 za naitrojeni kwa hekta, vitalu vitatu kila kiwango. Tofauti za vitalu vya kiwango kimoja ni kosa tupu, digrii 8 za uhuru. Wastani wa viwango unavyoukosa mstari ni digrii 2. F ya hivyo viwili (cha pili kwa cha kwanza, kila kimoja kikiwa kimegawanywa kwa digrii zake) ikizidi 4.46, mstari haufai. Kweli, vitalu vikiwa vichache jaribio hili halioni tao dogo, na vikiwa maelfu hulalamikia mkunjo usiomhusu mkulima. Lakini r ina ugonjwa huohuo: kwa n ya 1,000, r ya 0.062 inavuka mpaka, ingawa inaeleza chini ya asilimia 0.4 ya mtawanyiko wa y.

Kukimbilia r ya Spearman, inayotumia nafasi za vipimo kwa mpangilio wa ukubwa badala ya vipimo vyenyewe, hakutoshi. Seti ya tatu inaipa 0.991, sawa, tao linaipa 0.691, nayo bado inavuka mpaka wa asilimia 5.

Kuna pia kosa la kinyume. x za −2, −1, 0, 1, 2 zenye y za 4, 1, 0, 1, 4 hutoa r ya sifuri kamili, ilhali x inaiamua y yote. Hapo andika “hakuna uhusiano wa mstari”, na hayo maneno mawili ya mwisho yasidondoke.